Jike mweusi, dume wa njano, na watoto wa kahawia

Mteja wangu wa Watamu alitaka mbwa aina ya Labrador wa kahawia, ile rangi wengi huiita chokoleti, na mimi hapa Malindi nilikuwa na jike mweusi tititi. Wafugaji wenzangu walinishauri nimtafutie dume wa kahawia. Mwenye afya sikumpata. Niliyempata ni dume wa njano kule Casuarina, na nilipomtazama usoni nikajua ndiye.

Ilikuwa pua. Labrador wengi wa njano wana pua nyeusi, lakini huyu yake ilikuwa rangi ya maini, na kingo za macho vivyo hivyo. Zipo pua nyeusi zinazofifia mbwa akikua, kwa hiyo nilimsogeza juani nikamfunua na midomo. Hakukuwa na weusi popote.

Rangi ya Labrador huamuliwa hasa na jeni mbili, na kila mbwa ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ya kwanza, TYRP1, ndiyo inayoamua kama weusi utabaki weusi au utageuka kahawia. Ili ugeuke, lazima nakala zote mbili ziwe za kahawia. Ya pili, MC1R, huruhusu rangi hiyo iingie kwenye manyoya. Nakala zake zote mbili zikiwa na hitilafu, manyoya hutoka njano, lakini ngozi ya pua haiguswi. Kwa hiyo dume yule alikuwa mbwa wa kahawia aliyefunikwa na njano.

Jike wangu mama yake alikuwa wa kahawia, basi nakala moja ya kahawia anayo, hilo halina mjadala. Tena uzao wake wa kwanza, kwa dume wa njano mwenye pua nyeusi, ulitoka mweusi mtupu. Angekuwa amebeba njano, karibu nusu ya wale wangetoka njano. Nikapiga hesabu: safari hii kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa mweusi au kahawia.

Mwenye dume hakuamini. "Mwanangu, mweusi na njano wazae kahawia?"

"Subiri, mzee wangu, utawaona."

Daktari wa mifugo aliwapima wote wawili kwanza, nyonga na macho. Hapo sina mchezo, maana rangi isiyo na afya haina faida. Kijana mmoja aliwahi kuniomba nimpandishie mbwa wake wawili wenye mabaka ya merle, yaani rangi iliyopauka kwa madoa madoa, nikamkatalia. Wazazi wote wakiwa na mabaka hayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi nakala mbili, na hao wako katika hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au vipofu.

Mimba ya mbwa ni siku kama 63. Watoto walipotoka, wakiwa wamelowa, wote walionekana weusi. Mama alipowalamba wakakauka, kahawia ikajitokeza mgongoni kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Weusi watano, kahawia wanne, wa njano hakuna. Nilimpigia simu mzee wa Casuarina, akaja kujionea mwenyewe.

Wale weusi niliwaandikia wote kwenye kadi za chanjo kwamba wamebeba kahawia na njano, ili atakayewapandisha ajue.