Don Cherry, shule ya Tågarp na kibuyu kinachopasuka majira ya baridi

Wanaoishi Skåne, kusini mwa Uswidi, wanaijua Hässleholm kwa sababu ya kubadilisha treni. Wachache wanajua kwamba katika wilaya hiyo hiyo kuna kijiji cha Tågarp (zipo Tågarp zaidi ya moja Skåne, msizichanganye), na kwamba mwaka 1970 jengo la shule ya zamani la hapo lilinunuliwa na mpiga tarumbeta wa jazi, Mmarekani mweusi Don Cherry, pamoja na mke wake Moki, msanii wa vitambaa na mwenyeji wa Uswidi. Darasa likawa sebule, karakana na ukumbi wa muziki. Sisi tunaobeba ngoma, zeze na nyatiti zetu kuja kwenye baridi hii tuna mengi ya kujifunza kwa mtu huyu.

Alizaliwa Oklahoma City tarehe 18 Novemba 1936, akakulia Watts, Los Angeles. Jina lake lilivuma akiwa na mpiga saksofoni Ornette Coleman: mwishoni mwa 1959 kundi lao la watu wanne lilipiga kwenye klabu ya Five Spot, New York, na watu wakagombana kama ule ni muziki au la. Tarehe 21 Desemba 1960 walirekodi albamu ya Free Jazz, bendi mbili za watu wanne zikipiga kwa pamoja, moja kwenye spika ya kushoto na nyingine ya kulia, kwa takriban dakika 37. Cherry yuko kushoto. Baadaye akawa na wapiga saksofoni Sonny Rollins na Albert Ayler, na pia na bendi ya New York Contemporary Five, ambamo mwenzake alikuwa John Tchicai, mpiga saksofoni aliyezaliwa Copenhagen kwa baba Mkongo na mama Mdenmaki.

Sasa tarumbeta yake. Ile ndogo, ya mfukoni, si ya mtoto wala si ya sauti ya juu zaidi. Bomba lake lina urefu ule ule wa tarumbeta ya kawaida, karibu mita 1.5, ila limekunjwa mara nyingi zaidi, na urefu wa bomba ndio unaoamua sauti. Gharama ya kukunja ni hii: kona kali zinabana pumzi, na mdomo wa mbele ukiwa mdogo sauti haisambai mbali. Noti za juu huelekea kupanda au kushuka zisipotakiwa, na mpigaji huzirekebisha kwa midomo yake, noti baada ya noti. Cherry hakulificha tatizo hilo. Sauti yake inayokwaruza na kupasuka kama ya mtu anayeongea kwa hisia imetokana kwa kiasi fulani na chombo chenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo maana hakuna anayemwiga vizuri kwa tarumbeta kubwa.

Mkinunua ya bei nafuu, jambo la kwanza kukagua ni valvu tatu: zibonyeze, zirudi zenyewe bila kukwama. La pili, vuta bomba la kurekebishia sauti. Likigoma dukani, nyumbani litagoma zaidi. Wakati wa baridi usipulize shaba iliyotoka nje. Shaba ya baridi inashusha sauti, nawe utadhani masikio yako yameharibika. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa kwenye chumba chenye joto. Nyumba nyingi za kupanga zinataka utulivu kuanzia saa nne usiku, kwa hiyo kizibo cha mazoezi, cha kupunguza sauti, ni lazima.

Kuhusu uongozi wake wa bendi, sikilizeni albamu ya Complete Communion, iliyorekodiwa mkesha wa Krismasi 1965 na Gato Barbieri, Henry Grimes na Ed Blackwell. Kila upande wa sahani ni kipande kimoja chenye sehemu nne zilizoshikana. Hakuna kusimama ili kiongozi atangaze wimbo unaofuata. Katikati ya upigaji, Cherry anaingiza kipande cha wimbo mwingine, wenzake wanakidaka, bendi nzima inageuka. Hili linadai kila mtu azijue nyimbo zote kwa moyo, kwa sababu mwenye karatasi atakuwa bado anafunua ukurasa wenzake wameshafika mbele. Linadai pia nyimbo ziwe fupi na za kuimbika. Wimbo usioweza kuimbwa kwa mdomo hauwezi kudakwa ghafla. Bendi zinazojaribu njia hii hukwama mara nyingi mahali pamoja: mpiga ngoma hageuki, anabaki kwenye mapigo ya wimbo uliopita. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya kugeuka tu, wimbo wa kwanza kwenda wa pili na kurudi, kabla ya kupiga kitu kizima.

Kabla ya Tågarp, mwaka 1968, Cherry aliendesha warsha Stockholm katika ABF, jumuiya ya elimu ya wafanyakazi. Waliokuja hawakuwa Waswidi peke yao. Maffy Falay, mpiga tarumbeta Mturuki aliyehamia Uswidi, ndiye aliyemfundisha nyimbo na mapigo ya Kituruki. Mgeni akimfundisha mgeni mwenzake. ABF ipo hadi leo na mlango uko wazi kwetu. Kusanyeni watu watatu au zaidi, chagueni kiongozi mmoja, andikisheni kikundi cha kujifunza (kwa Kiswidi huitwa studiecirkel), na mahudhurio yaandikwe kila mnapokutana. Mahali pengi mtapata chumba cha mazoezi bure au kwa bei ndogo. Vikundi huanguka kwa sababu ya mahudhurio: fomu zisipojazwa, chumba kinapewa wengine.

Mwaka 1971 Cherry alipiga na Johnny Dyani, mpiga besi aliyeondoka Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1964, na Okay Temiz, mpiga ngoma wa Uturuki. Vitambaa vya Moki vilining'inizwa nyuma yao. Vinakunjwa, vinaingia garini, na ukumbi wowote unakuwa nyumbani kwao. Mwenye kanga sandukuni ameshaelewa.

Chombo kingine alichokipenda ni donso ngoni, kinubi cha wawindaji wa Mali: kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi, mti mrefu, nyuzi sita katika safu mbili za tatu tatu, na bati lenye vipete kwenye ncha ili lilie pamoja na nyuzi. Sauti ni tano; uzi wa sita kwa kawaida hurudia wa kwanza kwa juu. Wenye litungu au nyatiti watajua shida yake hapa. Majira ya baridi nyumba zikipashwa joto, hewa inakauka, ngozi inajivuta, daraja linapanda, sauti zinapanda nalo, na kibuyu kinaweza kupasuka. Kiweke mbali na kipasha joto, pamoja na bakuli la maji au kitambaa kibichi chumbani, kamwe si juu ya ngozi. Kabla ya safari legeza nyuzi zote na ulaze daraja. Nyuzi za kuvulia samaki zinatosha, ila badilisha zote kwa pamoja. Uzi mpya hunyooka kwa siku kadhaa na hautashika sauti. Na waulizeni forodha kuhusu ngozi za wanyama kabla ya kusafiri, si mkiwa uwanja wa ndege.

Baadaye lilikuja kundi la Codona, pamoja na Collin Walcott na Naná Vasconcelos: watu watatu, sahani tatu, hadi Walcott alipofariki ajalini mwaka 1984. Heroini ilimsumbua Cherry kwa miaka mingi. Alifariki Málaga, Hispania, tarehe 19 Oktoba 1995, kwa saratani ya ini.

Wa kuanza kumsikiliza aanze na albamu ya Mu, ya Agosti 1969, Paris: Cherry na Blackwell peke yao, tarumbeta, filimbi, piano, kengele na sauti. Sehemu yake ya pili ina muziki wa Dollar Brand, mpiga piano wa Afrika Kusini, ambaye wimbo wake Bra Joe from Kilimanjaro Cherry aliupiga kwenye albamu ya Organic Music Society. Kisha rudi kwenye Complete Communion ukiwa na kalamu, uandike dakika kila wimbo mpya unapoingia. Ule wa kwanza utarudi, uandike nao.