Kwa nini avermektini hutoka nane badala ya moja

Ukichachusha Streptomyces avermitilis wa kawaida, bakteria wa udongo aliyepatikana Japani, hupati avermektini, dawa ya minyoo, ya aina moja. Unapata mchanganyiko wa molekuli nane: A1a, A1b, A2a, A2b na wenzao wa B. Inayotakiwa zaidi ni B1a, na kila herufi na tarakimu katika jina hilo inatokana na hatua yake ya utengenezaji.

Anza na "a" na "b". Mnyororo wa kaboni huundwa na protini nne kubwa zenye moduli 12, yaani sehemu za kazi ambazo kila moja huongeza kipande cha mnyororo. Moduli saba huongeza asetati, tano propionati. Lakini kianzio ni kingine: kikitokana na asidi amino ya isolusini unapata "a", kikitokana na ile ya valini, "b". Kwa hiyo "b" ikizidi, chunguza kwanza kianzio. Ukiharibu jeni za bkd, zinazohusika na kugeuza asidi amino hizo kuwa vianzio, bakteria hukosa vianzio hivyo viwili na hatengenezi avermektini yoyote mpaka umlishe asidi nyingine. Mpe asidi ya saikloheksanikaboksili, naye atakupa doramektini, dawa nyingine ya jamii hiyo.

"A" na "B" ni rahisi. Kimeng'enya AveD hubandika kikundi cha methili kwenye oksijeni ya kaboni ya 5. Zima jeni ya aveD, ubaki na B tu.

Kazi ngumu iko kwenye "1" na "2", kwa kimeng'enya AveC. Hiki hufunga pete mbili zinazoshikana kwenye kaboni moja, kisha huondoa maji kati ya kaboni ya 22 na ya 23 ili pabaki kiungo maradufu. Hatua hiyo ya pili haikamiliki, ndiyo maana sehemu ya zao hubaki na hidroksili, yaani "2". Hasara yake ni kubwa, kwani ivermektini, dawa inayotokana na avermektini, hutengenezwa kwa kuongeza hidrojeni kwenye kiungo hicho hicho, kwa kichocheo cha rodiamu. B2 haina kiungo hicho.

Usiifute jeni ya aveC ukidhani utaponya tatizo. Utapoteza zao lenyewe. Badilisha asidi amino chache za AveC. Kwa doramektini, mabadiliko ya namna hiyo yalishusha uwiano wa B2 kwa B1 kutoka 1.6:1 hadi 0.07:1, na kwangu huo ndio mfano mzuri kuliko yote wa kurekebisha kimeng'enya kimoja.

Mwishoni kimeng'enya AveBI huunganisha sukari mbili za oleandrosi. Ukiona aglikoni tupu, yaani molekuli isiyo na sukari hizo, imejaa, kagua jeni za aveB kabla ya kubadili chakula cha bakteria.