Kumbukumbu ya mradi: Moodle ya darasani bila bando, Mbeya

Lengo halijabadilika: wanachuo 60 waingie ukumbini, wafungue simu zao, wafanye jaribio la Moodle (mfumo wa masomo na majaribio unaofunguliwa kwenye kivinjari) na waone alama zao palepale, hata kama hakuna mwenye bando. Alama ya koziwaki haipaswi kutegemea salio la mtu. Ndiyo maana seva inakaa ndani ya darasa lenyewe.

Hali ya sasa

Kompyuta ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa chini Pi) ya GB 4, ikiwa na programu za seva (nginx, PHP na hifadhidata ya MariaDB) pamoja na Moodle. Memori kadi imeondolewa, kila kitu kiko kwenye diski ya SSD ya USB ya GB 240. Hifadhidata huandika muda wote, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ndiyo huharibika mapema. Anayelazimika kutumia kadi aipime kwanza kwa programu ya f3, maana kadi bandia hujitaja kuwa ya GB 64 huku nafasi halisi ikiwa 8.

Umeme

Betri ya 12V 7Ah ina Wh 84, lakini betri ya aina hii hufa mapema ikinyonywa zaidi ya nusu. Pi na SSD zikila wati 8 na ruta wati 6, nusu hiyo inatosha saa mbili na nusu hivi. Kipunguza volti, kinachoshusha 12V ya betri kwa ajili ya Pi, kirekebishwe hadi 5.1V kwa kutumia mita kabla Pi haijaunganishwa, na fyuzi ya 3A ikae karibu na chanya ya betri. Waya mwembamba hupoteza volti njiani. Dalili yake huonekana kwa amri `vcgencmd get_throttled`: jibu la 0x0 ni salama, 0x50000 maana yake umeme ulishuka na kasi ikapunguzwa. Novemba hadi Aprili, mvua za huku zikija na radi, betri ichajiwe mapema na chaja ichomolewe kabla ya kipindi.

Saa

Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia. Pi 4 haina saa yenye betri. Bila intaneti, ikiwashwa huanzia pale ilipozimwa: ikizimwa Jumatatu saa 12 jioni na kuwashwa Jumanne saa 2 asubuhi, yenyewe inaamini bado ni Jumatatu jioni. Jaribio lililopangwa kufunguka Jumanne halifunguki, na muda unaoandikwa kwenye majibu ya wanachuo unakuwa wa uongo. Mwanachuo akikata rufaa, huna ushahidi.

Dawa ni kipande cha DS3231, saa ndogo yenye betri yake, ambacho hupotea takriban dakika moja tu kwa mwaka. Umeme wake utoke pini ya 1 (3.3V), waya wa data (SDA) uende pini ya 3, wa mapigo (SCL) pini ya 5, hasi pini ya 9. Usitumie 5V: pini za Pi hazihimili volti hizo, na vipande vingi vya bei nafuu vina sakiti ya kuchaji ambayo ikipewa 5V itajaribu kuichaji betri ya CR2032, isiyochajiwa. Kisha ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, ondoa fake-hwclock (programu inayokumbuka saa ya kuzimwa), sahihisha saa na uihifadhi kwa `hwclock -w`.

Mtandao wa darasani

Antena ya Pi haiwezi simu 60. Ruta mbili, moja chaneli ya 1 na nyingine ya 11, zinagawana darasa. Moja tu ndiyo igawe anwani. Nyingine izimwe DHCP (huo ugawaji wa anwani) na waya kutoka ya kwanza uingie tundu lake la LAN. Pi ipewe anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.10, na hiyohiyo iandikwe kwenye wwwroot (anwani ya tovuti) ndani ya config.php ya Moodle. Ukibadilisha moja bila nyingine, kurasa zinavunjika.

Simu za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data kimyakimya, na mwanachuo analalamika kuwa seva imekufa. Azime data, akubali kubaki kwenye Wi-Fi, aandike anwani nzima kwa kuanza na http://.

Moodle yenyewe

Moodle huhifadhi majibu kila sekunde 60. Kwa watu 60 ni ombi moja kila sekunde, kabla hata mtu hajafungua ukurasa mpya. Muda huo ukiongezwa hadi dakika mbili, inatosha. Tatu ni nyingi mno kwa simu inayokaribia kuzimika. Maswali matano kwa ukurasa hupunguza mzigo kuliko moja moja.

Wa hesabu na fizikia waangalie MathJax, programu inayochora milinganyo: kwa kawaida Moodle huivuta kutoka intaneti, hivyo milinganyo huonekana kama msimbo mtupu. Pakua toleo lilelile linalotajwa kwenye anwani ya kichujio cha MathJax ndani ya Moodle, liweke kwenye seva, ubadilishe anwani.

Kinachofuata

Kuhamishia alama kwenye mfumo mkuu wa chuo. Tunazitoa kama CSV (faili la maandishi lenye safu zinazotenganishwa kwa koma) na kuzioanisha kwa safu ya namba ya usajili. Majina hayafai kuoanishia, kwa kuwa huandikwa kwa mpangilio tofauti kila mfumo. Linalosumbua sasa ni namba zenye mkwaju na sifuri za mwanzo: zikifunguliwa kwenye Excel, nyingine hugeuzwa kuwa tarehe na nyingine hupoteza sifuri. Hadi tupate njia bora, faili isipitie Excel kabisa.