Ilihesabika ama Haikuhesabika

Tarehe ya ile siku ya kuskeiti naikumbuka juu ya katiba. Katiba mpya ilitiwa sahihi Uhuru Park, Nairobi, Ijumaa, 27 Agosti 2010, na Jumapili yake sisi tukafika pale na bodi yetu moja ya magurudumu tukakuta nyasi zimelala kama zimepitiwa na ng'ombe, chupa za maji kila mahali, na kwa zile ngazi zetu kuna watu wanabeba viti. Nchi nzima bado inabishana kuhusu Bashir wa Sudan kualikwa kwa sherehe, sisi shida yetu ni moja tu, leo tutaskeiti wapi.

Tulikuwa watano, bodi ni moja. Ilikuwa yangu, binamu yangu aliiona soko la Toi ikiwa chini ya rundo la mabegi ya mitumba, na yule muuzaji hakujua ni kitu gani, alidhani ni ya kusukumia mzigo, akaiachilia kwa mia nne. Ile karatasi yake ya juu ya kushika kiatu ilikuwa imeisha kitambo kwa hivyo tukabandika msasa wa kawaida, ule wa seremala, ambao unakamata vizuri sana lakini unakula raba mpaka mama akaniuliza kama siku hizi natembea na magoti. Beringi tulitoa Grogan (najua ni Kirinyaga Road, lakini nani anasema Kirinyaga Road). Namba yake ni 608, shimo la milimita 8 na kipenyo cha nje 22, ni ile ile inatumika kwa mota ndogo za umeme, ukiitaja tu unapewa na hakuna mtu anakuuliza ni ya nini. Na beringi tulikuwa tunazijua tangu utoto, si unakumbuka zile gari za mbao za mtaani, ubao mmoja na beringi tatu kubwa, ukishuka nayo kwa lami ploti nzima inatoka nje kuona nini imeanguka. Kwa hivyo bodi haikutushtua sana. Kilichotushtua ni kwamba haina usukani.

Sasa watu watano kwa bodi moja lazima kuwe na sheria, na sheria yetu ilikuwa hivi: ukianguka, unampa mwenzako. Ilionekana ni haki kabisa. Lakini ukiifikiria vizuri unaona ilitufanya waoga, juu kila mtu alijifunza kuskeiti kwa njia ya kutoanguka, unaenda unarudi, unapinda kidogo, unaruka kajiwe ka hapa chini, na unakaa juu ya bodi dakika kumi nzima kama mzee kwa baiskeli. Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo. Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakujali, kijana wa Kangemi, mrefu, viatu vimeshonwa na kipande cha tairi kwa pembeni. Yeye akipewa bodi anajaribu oli ya maana, ule mruko wa mtu na bodi pamoja, mara moja, anaanguka, anarudisha. Sekunde tano. Anangoja tena watu wanne wamalize. Kwa siku nzima nadhani alikuwa juu ya ile bodi muda mchache kuliko sisi wote, na ndiye alikuwa mkali.

Tukashuka mjini kwa miguu. Kule Sunken Car Park watu wa rola, wale wa viatu vya magurudumu, walikuwa wamejaa, na wao na sisi tulikuwa tunaheshimiana lakini si sana, walituona kama watu wa kelele. Jumapili mjini hakuna magari mengi, baridi ya Agosti, kamvua kale hakanyeshi wala hakaachi, na tukazunguka mpaka tukapata jengo moja la ofisi lenye ngazi nne mbele na sakafu safi chini yake. Nne. Hiyo namba ishikilie.

Mimi nikaanza, nikaenda nikarudi hapo juu na sikukaribia ukingo. Wa pili hivyo hivyo. Zamu ya mtu wa Kangemi ikafika, akaweka bodi chini, akarudi nyuma mbali kabisa, na sisi tukajua. Nilitaka kumwambia wacha, si kwa sababu ya shingo yake, nisidanganye, ni kwa sababu ya bodi. Akaja na mbio, ile sauti ya magurudumu kwa sakafu ikibadilika kila anapovuka mstari wa vigae, trak trak trak trak, halafu kimya. Halafu KRA!

Alikuwa amesimama. Naapa, alikuwa amesimama chini kule, miguu yote miwili juu ya bodi, isipokuwa bodi sasa ilikuwa mbili. Imekatika katikati kama biskuti. Akateleza kidogo na kile kipande cha nyuma, akashuka kwa mguu, hakuanguka.

Wenzangu wakapiga nduru. Mimi nikasema haihesabiki.

Tukabishana pale kama wabunge. Mmoja anasema ukifika chini umesimama imehesabika, bodi ni mambo mengine, mimi nasema oli ni mtu na bodi, na hapa bodi haijafika, imefika maiti. Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo. Ukweli ni kwamba nikikubali imehesabika basi ni ushindi, na mtu hawezi kudai mia nne kwa ushindi, lakini ikiwa ni ajali naweza kudai. Yeye mwenyewe hakusema kitu, ameshika vipande viwili, anahesabu mbao kwa pale pamekatika. Zilikuwa saba, tabaka saba zimegandishwa pamoja, hatukuwa tunajua.

Soja wa jengo akatoka na rungu. Tulidhani ni kukimbia. Akauliza ni nini, tukamweleza wote kwa pamoja, akasikiza mpaka mwisho. Akauliza, "Alifika chini akiwa amesimama?"

"Ndio."

"Basi imehesabika. Tokeni."

Vile vipande tulipeleka Gikomba kwa fundi wa vitanda, akavigeuza sana akisifu gundi ya wazungu, halafu akatuchongea ubao wa saiprasi, mmoja, mnene. Ilikuwa nzito kama mlango. Ilienda, lakini kuruka ilikataa kabisa, na polepole kila mtu akaanza kuwa na mambo yake ya Jumapili. Tulikuwa tunasikia Kampala wako na uwanja wa saruji huko Kitintale tangu 2006, tunawaonea wivu tu. Halafu 2013 wakajenga wa kwetu, Shangilia, pale kwa nyumba ya watoto, na wapi kama si Kangemi! Watu wa shirika la skate-aid kutoka Ujerumani ndio walisimamia. Nilipoenda nilipata saruji laini kama sahani, watoto wanaanguka na kuamka na bodi ile ile, hakuna anayenyang'anywa.

Yule mtu wa Kangemi alikuwa amekaa ukingoni. Nikanunua soda mbili, nikamwambia, sikia, ile ya 2010, ilihesabika.

Akacheka. Akasema eh, ngazi sita si mchezo.

Wiki iliyofuata nilipita pale mjini nikahesabu. Ni nne.