Tanga la Vifuniko vya Chupa

Maonyesho ya El Anatsui, mchongaji sanamu kutoka Ghana, ndani ya Turbine Hall, ukumbi mkuu wa makumbusho ya sanaa ya Tate Modern jijini London, yalifunguliwa Oktoba 2023 yakafungwa Aprili 2024. Niliyaona Januari, katikati ya msimu, pamoja na shangazi yangu aliyekuwa amekuja kutoka Tanga. Ukumbi ule zamani ulikuwa wa mitambo ya kufua umeme. Urefu wake unapita mita 150 na kimo chake kinakaribia mita 35, hivyo sanamu ya kadiri ya mtu ikiwekwa humo haionekani. Anatsui aliujaza kwa kazi tatu tu, akaziita kwa pamoja Behind the Red Moon, yaani nyuma ya mwezi mwekundu.

Ya kwanza ilikuwa tanga. Lilining'inia kutoka juu, limetuna kana kwamba limepata upepo wa kusi, na usoni mwake kulikuwa na duara jekundu la mwezi uliopatwa. Shangazi ni fundi cherehani. Aliitazama mikunjo kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hiki kitambaa wamekikata mshazari?" Nikamwomba asogee kwanza, atazame pindo.

Hakukuwa na pindo wala uzi. Kila kilichokuwa mbele yetu kilikuwa alumini ya vifuniko vya chupa za pombe kali, vipande vingi mno visivyohesabika kwa macho, vimeshikizwa kwa waya wa shaba. Visiwazwe visoda vya chupa za soda, vile vyenye meno, maana hivyo ni chuma kigumu na havikunjiki vizuri. Anatsui hutumia vifuniko vya kuzungusha, ambavyo bati lake ni jembamba hata vidole vinalishinda. Kifuniko kimoja humpa malighafi tatu. Ubavu hupasuliwa na kunyooshwa ukawa utepe, na mara nyingi jina la kinywaji hubaki likisomeka. Kichwa chake hutoa kisahani cha mviringo. Ule ukanda mwembamba unaobaki shingoni mwa chupa baada ya kufunguliwa hutoa pete. Vipande hivi husawazishwa, hukunjwa, husokotwa au huminywa, kisha hutobolewa kwenye pembe na kufungwa kimoja kwa kingine.

Siri yote iko kwenye kifundo cha waya. Kila kipande peke yake ni kigumu. Kinachojikunja ni nafasi iliyo kati ya vipande. Waya ukikazwa mno, shuka husimama wima kama bati la paa na hakuna mkunjo utakaotokea. Ukilegezwa mno, vipande huachana, mashimo hufunguka, na uzito wote huangukia vifundo vya juu mpaka matundu yanachanika. Ndiyo maana kazi kubwa hushikwa kwa sehemu nyingi kule juu, si kwa pembe mbili. Shaba inafaa kwa sababu ni laini: ukiisokota inabaki ilivyosokotwa, hairudi nyuma kama waya wa chuma. Nilipomweleza Shangazi haya, alipata jibu la swali lake mwenyewe: nguo hulainika mshazari, lakini shuka hili hukunjika kwenye mistari ya maungio. Akaanza kuifuata mistari hiyo kwa kidole hewani.

Nsukka, Nigeria, mahali alipofundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, Anatsui aliajiri vijana wengi wa kufunga vipande hivi kuwa vitalu. Yeye huvipanga vitalu sakafuni, huvihamisha, hupiga picha, huvipanga tena, na ndipo viunganishwe. Kazi husafirishwa ikiwa imekunjwa. Hapangi mikunjo ya mwisho. Huwaachia wanaoitundika, hivyo kazi ileile hubadilika umbo kutoka ukumbi hadi ukumbi. Huo kwangu ndio ujasiri wake mkubwa kuliko hata ukubwa wa kazi.

Tanga lile lilikuwa la Atlantiki, bahari ya biashara ya utumwa. Pombe ya Ulaya ilikuwa bidhaa ya kubadilishana Afrika Magharibi, ramu ilitokana na miwa iliyolimwa na watumwa ng'ambo, na jina la Tate lenyewe ni la Henry Tate, aliyetajirika kwa sukari. Hakuna kibao kilichohitaji kulisema hilo kwa sauti, kwa kuwa malighafi ilikuwa imekwisha kulisema.

Kazi ya pili, The World, ilitengenezwa kwa zile pete. Zikiunganishwa hutoa wavu mwepesi unaopitisha mwanga. Vipande vyake vilielea hewani vikiwa na maumbo ya watu, kila kimoja mbali na mwenzake, lakini kuna mahali ukisimama vinaungana machoni na kuwa duara moja, dunia. Sogea kidogo tu, duara linavunjika. Watu walikuwa wakirudi nyuma na mbele kuitafuta nukta hiyo.

Ya tatu, The Wall, yaani ukuta, ilikuwa shuka jeusi kutoka juu hadi sakafuni, na chini yake vifuniko vimeinuka kama mawimbi na majabali. Nyuma ya ule weusi kulikuwa na rangi ya fedha inayometa na rangi nyingine nyingi. Niliipenda kuliko zote, kwa sababu mtazamaji aliruhusiwa kuzunguka na kuona upande wa pili wa kile alichokiamini.

Shangazi alitaka kujua kama kitu kama hicho kingedumu kikitundikwa barazani kwake. Jibu ni hapana, si karibu na bahari. Alumini ikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini: unga mweupe huanza kuzunguka matundu, halafu tundu hupanuka na kipande huanguka. Kwa Pwani, afunge kwa waya wa alumini yenyewe, au atumie shaba iliyopakwa vanishi na aitundike ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari.