Hita ya jua kwenye ghorofa la zamani Dodoma: chumvi kwanza

Ukitaka kupunguza matumizi ya umeme kwenye ghorofa la zamani hapa Dodoma, usikimbilie paneli za umeme wa jua. Anza bafuni. Hita ya umeme ya kuogea ya kilowati 5.5, wakioga watu wanne dakika 8 kila mmoja, inakula karibu uniti 3 kwa siku. Kwa flati nane ni uniti 23 na ushee, na jua tunalo: weka hita ya jua, ipashe maji hayo bila umeme.

Kinachoua hita za jua mji huu ni chumvi ya maji ya visima. Chungulia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe ndio unaojijenga kwenye mirija ya kioo ambayo maji ya kuoga yanapita humo humo. Nunua aina ambayo maji yanayozunguka kwenye paneli ya kupasha hayachanganyiki na ya kuoga. Bei iko juu, lakini inadumu. Tangi likiwa na fimbo ya magnesi, ifungue kila mwaka. Ikibaki waya mtupu, badilisha, la sivyo kutu inahamia kwenye tangi lenyewe.

Dodoma iko kusini mwa Ikweta, kama nyuzi 6, kwa hiyo hita itazame kaskazini. Mafundi wengi huilaza sana. Mimi naona nyuzi 20 ndiyo sawa, kwa sababu maji ya moto yanatakiwa zaidi Juni na Julai, na miezi hiyo jua liko kaskazini. Hata vumbi halitulii sana.

Tangi la lita 200 likijaa, pamoja na fremu, linapita kilo 250. Likae juu ya ukuta unaobeba au boriti, si katikati ya dari, na fremu ifungwe kwa bolti. Upepo wa hapa si wa kujaribu.

Bomba za maji ya moto ziwe za PPR, plastiki inayohimili joto. PVC ya kawaida inalainika. PPR ya milimita 25 inabeba lita 3 na kitu kwa kila mita 15, na maji hayo yaliyopoa wa chini anayamwaga kila anapofungua koki. Kwa mji wenye shida ya maji, hilo linauma: pitisha bomba njia fupi, livike sponji, kisha karatasi ya alumini juu yake, maana jua linaitafuna sponji.

Kama hita yako ni ya mirija ya kioo, kujaza mara ya kwanza ni alfajiri. Mirija mitupu ikishapata jua la saa sita, maji baridi yakiingia kioo kinapasuka. Umechelewa? Funika kwa turubai, subiri jioni.