Nilivyoistaafisha seva yetu ya zamani ya barua pepe

Kila niliyemuuliza namna ya kuistaafisha seva yetu ya zamani ya barua pepe alinijibu neno moja: "Zima." Fundi mmoja tuliyemlipa elfu ishirini na kitu kwa kazi ya siku moja aliongeza, "Mkishahama, hicho ni chuma tu. Chomoa waya." Nilimsikiliza, nikapoteza Jumatatu nzima.

Ofisi yetu iko Industrial Area, Nairobi, watu kama arobaini, kazi yetu kutoa mizigo ya wateja forodhani. Tulikuwa na Exchange 2013, programu ya kuendeshea barua pepe kwenye seva ya ofisini, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 11 Aprili 2023. Masanduku yote ya barua tuliyahamishia Microsoft 365, huduma ya Microsoft ya mtandaoni, rekodi ya MX (inayosema barua zetu zipelekwe wapi) ikaelekezwa huko, barua zikaingia bila shida. Ijumaa jioni nikaizima seva.

Jumatatu saa mbili na nusu mhasibu mkuu akanipigia simu: "Kijana wangu, ankara haziendi kwa wateja." Sijafika kwake, dawati la hati nalo likaniita: skana inasoma karatasi lakini haitumi. Kumbe programu ya uhasibu na skana zilikuwa zikipitishia barua zao kwenye seva ile, poti 25 (mlango wa mtandao ambao seva hupokelea barua), na hakuna aliyewahi kuandika jambo hilo popote. Nikaiwasha tena, nikaapa sitaizima kabla sijamjua kila anayezungumza nayo.

Nilichofanya, na ninajivunia, ni kuiacha seva yenyewe iniambie. Niliwasha kumbukumbu za kiunganishi kinachopokea barua, nikaziacha mwezi mzima. Wiki haitoshi, kwa sababu kuna vitu hutuma barua mara moja tu, mwisho wa mwezi, wakati wa mishahara. Ongeza pia muda wa kuhifadhi faili hizo, maana Exchange hufuta zinazopita siku 30. Kila jioni nilizisoma na kuandika daftarini kila anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao.

Wiki mbili za kwanza nilipata skana mbili na uhasibu, basi. Wiki ya tatu, alasiri ya mvua kubwa, stima ikapotea kwa dakika ishirini hivi. Jioni ile nikaona anwani ngeni, imeishia na 47. Ilituma barua dakika ileile stima ilipokatika, ikatuma nyingine iliporudi. Niliuliza ofisi nzima, hakuna aliyeijua. Nikaufuata waya wake kwa mkono kutoka kwenye swichi, nyuma ya makabati, hadi nikaishia kwenye UPS, betri ya akiba ya stima. Ilikuwa na kadi ya mtandao, na miaka yote hiyo ilikuwa ikipeleka taarifa za betri kwenye sanduku la aliyenitangulia, aliyekwisha kuacha kazi. Sasa zinanijia mimi.

Uhasibu na skana mpya nilizihamishia smtp.office365.com, poti 587, seva ya Microsoft 365 ya kutuma barua. Skana kuukuu haiwezi TLS 1.2, usimbaji ambao seva hiyo inautaka, kwa hiyo niliielekeza moja kwa moja kwenye anwani yetu ya MX, poti 25, nikaiongeza IP ya ofisi kwenye rekodi ya SPF, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu. Njia hiyo hufikisha barua kwa watu wa kampuni tu, nasi hatukutaka zaidi.

Ikabaki Outlook, programu tunayosomea barua. Karani aliyepewa kompyuta mpya alifungua barua zake akakuta zimekomea siku tuliyohama. Ndani ya ofisi, Outlook ikitafuta seva ya barua huuliza Active Directory (orodha ya akaunti na mashine za ofisi) kabla ya DNS (orodha ya majina ya mtandao), na kwenye Active Directory jina la seva ya zamani lilikuwa bado limeandikwa. Nililifuta kwa amri ya Set-ClientAccessServer, AutoDiscoverServiceInternalUri ikawa $null.

Programu ya kuiondoa Exchange nayo ilikataa katakata, ikidai bado kuna masanduku, yaani yale ya zamani yaliyobaki humo. Nikampigia yule fundi. "Tumia Remove-Mailbox." Nashukuru nilianza na akaunti ya majaribio, kwa sababu amri hiyo ilifuta sanduku pamoja na akaunti yenyewe. Ningeipitisha kwa wote, watu arobaini wangeshindwa kuingia kwenye kompyuta zao. Amri ya kutumia ni Disable-Mailbox, hiyo humwacha mtu na akaunti yake. Kabla ya hapo nilitoa nakala ya kila sanduku, kwani sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Masanduku ya mfumo yaliyojificha yanahitaji Disable-Mailbox -Arbitration, na la mwisho halitoki bila -DisableLastArbitrationMailboxAllowed. Lakini kama akaunti zenu zinasawazishwa na Microsoft 365, msiiondoe hivi. Sisi hatukuwa na usawazishaji.

Jumamosi ikaondoka yote. Nikafunga poti 25 iliyokuwa ikiingia kutoka nje, nikazima mashine.

Jumatatu nilikaa kando ya simu tangu saa moja. Haikulia. Saa nne mhasibu mkuu akapita na chai yake, akaniuliza, "Kijana wangu, ile seva utaizima lini?"